Soma Umalize, Ndipo Uandike

Habari za mchana, ndugu zangu. Hifadhidata za mabenki tuwaachie wenyewe. Leo nina faili moja la SQLite, hifadhidata ndogo inayokaa ndani ya faili, kwenye kompyuta ya mfanyabiashara wa dagaa pale Kibirizi, na skripti, yaani programu fupi, ya Python inayowakumbusha wateja wake madeni.

Skripti inafungua SELECT, amri ya kusoma, inachukua mdaiwa mmoja, inamtumia SMS, halafu inafungua muunganisho wa pili na faili hilohilo ili iandike kwamba ametumiwa. Hapo inagoma: "database is locked", yaani hifadhidata imefungwa.

Wengi hukimbilia kuongeza muda wa kusubiri. Python husubiri sekunde 5. Mtu anaweka 60. Sasa anamsubiri nani? SELECT ambayo haijafika mwisho bado imeshika kufuli la kusoma, na kwa mpangilio wa kawaida wa SQLite, COMMIT, amri ya kukamilisha ulichoandika, haipiti mpaka wasomaji wote waachie. Msomaji mwenyewe ni skripti hiyohiyo! Umekaa mlangoni unangoja ufunguo ulio mfukoni mwako.

Basi anza na fetchall(), inayosoma majibu yote kwa mkupuo, ndipo uingie kwenye lupu. Wadaiwa mia chache hawajazi kumbukumbu hata ya kompyuta chakavu. Wakiwa malaki, chukua 500 500: id (namba ya mdaiwa) kubwa kuliko ya mwisho uliyosoma, ORDER BY id, LIMIT 500.

Dada hapa mbele anauliza, je, akitumia muunganisho mmoja? Kosa lile litatoweka, dada, ila utamhamishia taabu karani anayeandika mauzo kwenye faili hilohilo. UPDATE, amri ya kubadili data, ya kwanza inafungua muamala, yaani fungu la mabadiliko yanayongoja COMMIT, na kwa kawaida Python haifungi mpaka uite commit(). Ukiiweka baada ya lupu, kila SMS inayosuasua, na mtandao wetu mnaujua, inamzuia karani kuingiza mauzo. Tuma kwanza, kisha andika na ufanye COMMIT papo hapo, ndipo uende kwa mdaiwa mwingine. Umeme ukikatika katikati, mtu mmoja atakumbushwa deni mara mbili. Hilo mimi nalivumilia.

Kuna pia WAL (write-ahead log), mpangilio ambao mabadiliko huandikwa kwanza kwenye faili la pembeni, tangu toleo la SQLite 3.7.0 la mwaka 2010. Unaandika PRAGMA journal_mode=WAL mara moja, faili linakumbuka. Msomaji na mwandishi hawazuiani tena, ingawa waandishi wawili bado hupokezana. Faili likiwa kwenye folda ya mtandao, msiiguse: WAL inataka programu zote ziwe kwenye mashine moja. Pale Kibirizi, karani na skripti wanatumia kompyuta moja, kwa hiyo iwasheni.