Jinsi ya kumsaka mshambuliaji wa magongo kwenye mechi za shule

Assalam aleikum, hamjambo wapenzi watazamaji. Leo nimevuka feri asubuhi na mapema, niko Likoni, Mombasa, na hao mnaowaona nyuma yangu ni wasichana wa shule mbili wakipasha moto misuli. Mechi ni ya magongo, yaani hoki. Mwalimu wa michezo nimeshaongea naye tangu juzi, ameniruhusu kupiga picha kwa mbali, sura za watoto zisionekane. Ruhusa kwanza. Usije uwanja wa shule na kamera kama unakuja sokoni.

Mnaniuliza kila siku: dada, wewe huwa unamtambuaje mshambuliaji wa kumwita kwenye majaribio ya klabu? Haya, leo tunatazama mechi nzima pamoja.

Vifaa ni daftari, kalamu mbili, kofia na maji. Muhula wa kwanza ndio wa magongo mashuleni, na jua la kaskazi mnalijua wenyewe. Tuendelee.

Mahali pa kukaa. Nyuma ya goli hapana. Ule mpira una gramu 156 hadi 163 na ni mgumu kama jiwe, na nyavu za shule nyingine zina matundu ya kupita mbuzi. Mimi hukaa ubavuni, usawa wa mstari ulio mita 23 kutoka mstari wa goli, upande ambao timu ninayoitazama inashambulia. Mapumziko yakifika na wao wakibadilisha upande, nami nabeba kiti changu nahama.

Kipenga hicho. Robo ya kwanza usimchague mtu, watazame wote. Jicho litakimbilia yule mrefu, au yule anayepiga kelele za kuomba mpira. Liache lizunguke kwanza. Nami nimeshaanza kumpenda mmoja, yule wa kulia mwenye kamba za viatu za buluu. Mpira haujamfikia hata mara tatu. Nitawaambia kwa nini nimempenda, lakini kabla ya hilo kuna jambo, na hapa naomba mnisikilize sana.

Usimjue mchezaji kwa gongo lake.

Narudia. Usimjue mchezaji kwa gongo lake, wala kwa namba ya jezi peke yake. Shule zetu nyingi hazina magongo ya kutosha. Na katika mchezo huu kubadilisha wachezaji hakuna kikomo, mtu anatoka, anapumzika, anarudi. Anayetoka humpa gongo anayeingia, pale pale kwenye mstari. Jezi nazo wakati mwingine ni za kuazima, unakuta namba 9 wawili.

Miaka kadhaa nyuma nilitazama mechi kama hii. Kulikuwa na gongo lenye utepe wa njano kwenye mpini, na aliyelishika alikuwa anacheza mpaka nikasahau kunywa maji. Nikaandika kurasa mbili: wa njano kafanya hivi, wa njano kafanya vile. Mwisho wa mechi nikamwona msichana amelishika gongo la njano, nikamuuliza mwalimu jina lake, nikalipeleka klabu. Akaitwa kwenye majaribio. Alikuja na mamake. Dakika kumi tu nikajua siye. Nilikuwa nimetazama wasichana wawili wanaopokezana gongo moja, nikawaandika kama mtu mmoja, na jina nililolichukua lilikuwa la yule wa pili. Yule mtoto alijitahidi mpaka mikono ikatoka malengelenge, kisha akarudi nyumbani kimya, anamtazama mamake. Yule mwenye kipaji nilipokwenda kumtafuta, alikuwa amemaliza kidato cha nne na familia imehama. Sijampata mpaka leo.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Nywele hazitakusaidia, hapa karibu wote wamevaa hijabu nyeupe. Tazama miguu: viatu, kamba, soksi, na namna anavyokimbia. Mkimbio hauazimwi. Huyu wangu anakimbia kwa vidole, kisigino hakigusi chini, na soksi ya kushoto inashuka kila saa. Nimeandika: kamba za buluu, soksi ya kushoto, kidole. Kila robo ikianza namhakikisha upya kabla sijaandika neno.

Subirini kidogo. Stendi ya kamera inatikisika, upepo wa baharini huu… Haya. Tena ngojeni, hebu nirudishe picha nilizochukua sasa hivi. Mnaona? Kamera imeufuata mpira mpaka kona ya kushoto, na mtu wetu hayumo kwenye picha kabisa. Wakati mimi kwa macho nilimwona amefanya jambo zuri kuliko yote ya robo hii: alimvuta beki wake akakimbia naye kwenda nje, katikati pakabaki wazi, mwenzake akapita. Kamera imekosa yote hayo. Nawe ukiufuata mpira utayakosa. Naipanua picha ionyeshe nusu uwanja, siigusi tena.

Sasa niwaambie kwa nini nimempenda. Kabla mpira haujamfikia, anageuza shingo. Anatazama nyuma ya bega, anamwona beki yuko wapi, anarudisha macho. Mara mbili kabla ya kila pasi. Hilo ndilo la kwanza ninalolitafuta, na kulifundisha ni kazi ya miaka.

La pili ni mguso wa kwanza. Hapa muwe na huruma, uwanja huu una mashimo na vichuguu, mpira unaruka wenyewe. Usihesabu mipira iliyomponyoka. Tazama anaponyokwa akiwa amekaaje: amesimama wima kama nguzo, au ameinama, gongo liko chini, mwili umeshaelekea goli? Wa pili huyo, ukimpeleka kwenye nyasi za bandia utashangaa.

Mkono wa kushoto nao. Gongo lina upande mmoja tu wa kuchezea, ule bapa, na magongo ya mashoto hayapo. Mkono wa kushoto unakaa juu ya mpini, ndio unaoligeuza gongo. Wa kulia unashika tu. Ukiona mtoto analikaba gongo kwa mkono wa kulia, kushoto kumelala, kasi yake itamdanganya yeye na wewe.

Halafu mtasikia watu pembeni wanasema, yule ameotea. Magongo hayana kuotea, sheria hiyo iliondolewa miaka ya 1990. Mshambuliaji anaruhusiwa kukaa na kipa akipenda. La kujiuliza ni kama pale amejibanza amechoka, au anawinda.

Haya, angalieni! Mmeona? Mmeona pale kwenye mstari? Yule wa namba 14 ametoka, kampa mwenzake gongo, na gongo ni lile lile lenye utepe mwekundu! Yaani sijapanga, Mungu ameniletea mfano. Kama ulikuwa unaandika "wa mwekundu", umeshapotea. Tazama miguu! Wangu yumo bado, kamba za buluu, soksi imeshuka. Sawa.

Mapumziko. Nahama upande, nanunua viazi karai, pilipili ya ukwaju kwa wingi, sina subira kwenye hilo. Kuna mzee kaniuliza kwa nini nahangaika na mchezo wa kigeni. Nimemwambia, mzee wangu, Kombe la Dunia la kwanza la magongo, Barcelona, 1971, Kenya ilimaliza ya nne. Sisi hawa hawa. Kanyamaza, kavuta kiti.

Robo ya tatu. Sasa ni duarani tu. Ule mstari wa nusu duara mbele ya goli uko mita 14.63, na bao halikubaliwi mpaka mshambuliaji auguse mpira akiwa ndani yake. Kwa hiyo wengine hupata mabao kwa kugusa tu, wamejipanga mlingoti wa mbali, gongo limelala chini. Usiyadharau mabao ya kugusa. Kufika pale kwa wakati ndiyo kazi yenyewe.

Na tazameni hili. Wangu amepokea mgongo ukiwa kwa goli, beki anampumulia shingoni. Hana nafasi ya kupiga. Ameuvuta mpira kushoto, ametulia kama anamhesabia, kisha ameusukuma mdogo, taratibu, ukagonga kiatu cha beki. Kipenga. Kona fupi, adhabu ya mpira kugusa mguu wa beki ndani ya duara. Bahati au makusudi? Kichwa chake kilikuwa chini, anautazama ule mguu. Bado sijasema kitu, nasubiri arudie.

…Amerudia. Beki mwingine, kiatu kingine. Mwili wote umenisisimka.

Daftari langu lina safu nne: kaingia duarani, kapiga, kapata kona, kapoteza. Natia vijiti tu, maneno baadaye. Ya tano ni yangu mwenyewe na wenzangu wengi hawakubaliani nami: akipotezewa mpira, hatua zake tano za kwanza zinaelekea wapi? Akimfuata aliyemnyang'anya, namzungushia alama daftarini. Akishika kiuno, hata awe na mabao matatu, nitamtazama tena bila haraka. Mabao matatu dhidi ya timu dhaifu hayanambii mengi.

Ndiyo sababu mechi moja haitoshi. Huyu nitamfuata mechi nyingine, na nitaomba niambiwe lini wanacheza na timu inayowashinda.

Kipenga cha mwisho. Hajafunga hata bao moja. Kaingia duarani mara nyingi kuliko wote, kona nne ni zake.

Sasa jina, na hapa mara ya mwisho: usiulize "yule mwenye gongo fulani". Simama na mwalimu wakati wachezaji bado uwanjani, mwonyeshe mtoto mwenyewe kwa macho, na muulize mwalimu tu. Mtoto usimfuate, namba yake ya simu usiiombe, usimwahidi kitu. Mwalimu, kisha mzazi, kisha klabu, na mzazi awepo kila mnapozungumza.

Mwalimu anakuja. Nimemwonyesha: yule anayeinama kuvuta soksi. Amecheka, anamjua. Mazungumzo ya mtoto wa watu sitayarekodi, kwa hiyo kamera naizima hapa.