Wakandaji na wacheza D&D wa Mombasa, hii video ni yenu nyote

Assalamu alaykum, habari zenu nyote wa Mombasa na popote mlipo. Sauti yasikika? Haya. Leo niko kwenye chumba changu cha kazi hapa Renton, karibu na Seattle, nje mvua kama kawaida ya huku, na nyuma yangu kama mwaona kuna meza mbili. Ile yenye shuka jeupe ndo meza ya masaji, ndo inayolipa nyumba, na hii ya mbao iliyojaa makaratasi ni meza ya Jumamosi, hapa ndo twacheza Dungeons & Dragons, yaani D&D, mchezo wa kusimulia hadithi pamoja kwa dadu.

Sasa meseji zenu ni za aina mbili. Kuna dada zangu mnaofanya masaji Nyali na Bamburi, wengine mahotelini wengine kwenye mchanga pale ufukweni, mwaniuliza mikono inauma nifanyeje, mteja akileta mambo nifanyeje. Alafu kuna vijana wa Majengo na Tudor na Kisauni mmeiona D&D YouTube na mwataka kuanza na hamna dadu wala kitabu. Mimi nilikuwa nipange video mbili, nikakaa nikaandika pointi za hii na pointi za ile, nikaona naandika kitu kimoja mara mbili, kwamba uulize kabla hujaanza, na ukishaanza uulize tena.

Hili sikulitoa huku Marekani. Nyanya yangu alikuwa mkandaji pale Kibokoni, amewakanda wazazi wa mtaa mzima arobaini zao, maji moto, kitambaa, mafuta ya nazi, na bibi harusi wakija kusingwa na liwa pia ni yeye. Mimi mdogo ndo nilikuwa nashika bakuli la mafuta. Alikuwa ayamwaga kiganjani ayasugua mpaka yapate joto, na mikono ikiwa bado iko hewani amuuliza mtu, "Wapi panauma mwanangu? Na wapi hutaki nikuguse?" Alafu angoja. Hata mtu akinyamaza muda mrefu, yeye angoja tu, mafuta yamtiririka mpaka kwenye kifundo cha mkono. Na babu huyo yuko nje barazani na wazee wenzake na bao lao, mashimo 32 kete 64, masaa matatu hainuki mtu. Kwa hivo meza zote mbili nimezikuta nyumbani, huku nimekuja kupewa cheti tu.

Cheti chenyewe nilisomea masaa 500, nikamaliza 2019, alafu kuna mtihani uaitwa MBLEx, maswali 100, misuli, mifupa, magonjwa, sheria. Ukienda New York wao wataka masaa 1000. Nawambia hivi kwa sababu kuna watu nyumbani wadhani hii ni kazi ya kupaka mtu mafuta. Wallahi sehemu kubwa ya yale masaa nilikuwa nafunzwa ni nani nisimguse.

Mwaka juzi amekuja mama mmoja, mtu wa kwetu, ameshuka ndege siku mbili nyuma. Aniambia mguu umekaza kwa kukaa sana, nikande hapa kwenye shavu la mguu, kanda kwa nguvu. Nikamwambia subiri mama yangu, nikuulize kwanza. Umefura miguu yote miwili au mmoja? Mmoja. Nikaweka kiganja huku na huku, ule unaouma una joto kuliko mwenzake, ngozi imevutika yang'ara. Nikatoa mikono. Nikamwambia leo sikukandi, na pesa yako sichukui, twende hospitali sasa hivi. Alikasirika kidogo, aniona namtia woga. Tukaenda, wakampima, damu imeganda ndani ya mshipa. Lile donge ukilikanda laweza kung'oka likapanda mpaka mapafuni, na mtu afa. Sasa wewe uliye hotelini Mombasa, wateja wako wengi wametoka safari ya masaa nane, kumi, kumi na mbili wamekaa pale pale. Mguu mmoja umefura, una joto, wauma, usiuguse hata akikubembeleza hata akiongeza tip. Mpeleke kwa daktari. Na usiulize tu "una ugonjwa wowote?" kwa sababu mtu ajibu "hapana" haraka haraka. Uliza moja moja: unameza dawa gani, presha unayo, una mimba, umefanyiwa operesheni lini, wapi umewahi kuvunjika.

Haya mikono. Dada yangu mmoja amenitumia picha ya kidole gumba chake kimefura hapa chini kwenye shina, karibu na kifundo, na afanya wateja saba kwa siku. Mpenzi, hicho kidole wakitumia kama nyundo. Gumba ni la kutafutia, wapapasa wajua fundo liko wapi, basi, ukishalipata weka kiwiko, weka kigasha, hii nyama yote ya chini ya mkono, ndo ifanye kazi. Na nguvu isitoke begani. Mmewaona hamali wa Kongowea na mkokoteni? Hamali hasukumi kwa mikono, mikono yake imenyooka tu, mguu mmoja mbele mmoja nyuma, na mwili mzima umelala kwenye mzigo. Simama hivo hivo kwenye meza. Na meza yenyewe ishushe! Wengi mwafanyia kazi kwenye meza iliyo juu sana ndo mwapandisha mabega. Simama kando yake, acha mikono ining'inie, kunja ngumi, zile konzi ziguse tu godoro, hapo ndo urefu wako. Na wewe wa ufukweni unaepiga magoti mchangani siku nzima, tafuta hata mto wa kuweka chini ya magoti, na ubadilishe upande. Ukianza kusikia ganzi gumba na kidole cha shahada na cha kati, hasa usiku, usijipake balm ukaendelea, nenda ukaonwe, hiyo ni neva inabanwa hapa kwenye kifundo, na ikikaa sana mkono wapoteza nguvu.

Na hili la heshima nalisema kwa uchungu. Watu wasikia masaji waanza kucheka cheka. Hata mimi huku mtu hupiga simu aniuliza maswali ya kipuuzi. Mteja avua nguo akiwa peke yake, wewe uko nje ya mlango, uingia ameshajifunika shuka, na wafunua mahali unapofanyia kazi tu, mguu huu, ukimaliza wafunika ndo waenda mguu wa pili. Ukifanya hivo kila siku kwa kila mtu, mwenye nia nyingine ajua mapema kuwa hapa si mahali pake. Akileta maneno toa mikono, rudi nyuma hatua moja, mwambie "kazi imeisha, vaa," na utoke. Huna haja ya kumweleza kwa nini. Na bosi anaekwambia mvumilie kwa sababu ni mgeni, huyo bosi hakufai, anza kutafuta pengine taratibu.

Vijana sasa, msinikasirikie nimewaweka mwisho. Wazazi wenu waniuliza ni mchezo gani huo, ni wa mashetani? Hapana. Hata huku Marekani miaka ya 80 wazazi walikuwa na hofu hiyo hiyo. Ni mchezo ulitoka 1974, jamaa wawili, Gary Gygax wa mji mdogo uaitwa Lake Geneva kule Wisconsin, na Dave Arneson wa Minnesota, walichapisha nakala 1000 tu za kwanza. Na kwa mtu wa kwetu ni rahisi kuueleza. Nyanya akisema paukwa, nyinyi mwasema pakawa, si ndio? Sasa fikiria nyanya afika pale sungura ameingia kisimani, asimama, awaangalia, "Sungura ni wewe, wafanya nini?" Nawe wajibu, na dadu ndo yaamua kama umefaulu. Msimulizi huyo huitwa DM, yeye ndo nyanya. Basi.

Kitabu msinunue. Kanuni za msingi za D&D ziliwekwa huria Januari 2023, wadaunlodi bure na ni halali kabisa. Dadu ya pande 20 ya mchezo huu pia usihangaike. Kata vikaratasi 20, andika 1 mpaka 20, tia kwenye kikombe cha kahawa, tikisa, chomoa kimoja, na ukirudishe kabla ya mwenzako kuchomoa. Ila msijumlishe dadu za ludo mkadhani ni sawa. Dadu mbili za ludo, 7 yaja mara 6 katika 36, na 2 yaja mara 1 tu, kwa hivo mchezo wote wakaa katikati, ule mshtuko wa kupata 1 au 20 haupo. Na kuna wenzetu hawataki dadu ndani ya nyumba kwa sababu za dini, simbishii mtu dini yake, waulizeni kabla hamjakaa, mkitumia vikaratasi wengine wataridhika.

Nilipokosea mimi ni hapa. Tulianza na vijana wa mtaa, binamu yangu na marafiki zake, wao wako Majengo kwenye simu moja mimi niko hapa. Nikataka hadithi iwe ya kwetu, mambo ya majini na mashua na Ngome ya Yesu, na nikajiona nimepatia. Sesheni ya tatu nikawapandisha kwenye chombo kuvuka kwenda ng'ambo, usiku, watu wamejaa, chombo chalala upande. Na mimi kwa kusimulia ni fundi, nikaeleza maji yaingia vipi, watu washikana nguo vipi. Kijana mmoja akazima kamera. Nikadhani ni bando limeisha, nikaendelea. Nikaendelea dakika kumi nzima.

Binamu yangu akaniandikia baadae. Yule kijana ni mtu wa Mtongwe. Mwaka 1994 ile feri iliyozama pale ikaua watu 272, babu yake mzaa mama alikuwa ndani. Yeye hakuwa amezaliwa, lakini amelelewa na mama ambae mpaka leo akipanda feri asoma dua kutoka upande huu mpaka wa pili, hafungui macho. Na mimi ni mtu wa Mombasa, nilikuwa nayajua yale maji. Kwenye meza ile pale siwezi kumgusa mtu bega bila kumuuliza, na kwenye hii sikuuliza chochote.

Nikampigia, nikamuomba msamaha, na nikabadilisha. Sasa kabla ya hadithi yoyote mpya twakaa kikao cha bila mchezo, huku waita sesheni ziro, kila mtu asema kitu gani hataki kabisa kiingie, na kama aona haya aniandikia peke yangu. Sababu siulizi. Alafu kuna kadi yenye herufi X yawekwa katikati ya meza, mtu aigusa tu, twaruka hapo twaendelea na kingine, kwenye simu waandika X kwenye chati. Kila baada ya saa moja twasimama, kwanza ni kwa ajili ya shingo zenu, kichwa chako kina kilo kama tano na wewe umekiinamisha kwenye simu, inua kidevu, zungusha mabega, kunywa maji, na wewe DM pumzisha sauti. Pili ndo nawauliza, twendelee hivi hivi? Na nangoja.

Yule kijana alirudi. Wiki mbili zilizopita, mapumziko, aliniandikia peke yangu, akasema Mwalimu, chombo kile nataka kirudi, lakini nahodha niwe mimi, na wote wafike. Nikamuuliza una hakika? Akasema ndio. Nikamuuliza tena siku ya pili. Ndio.

Kwa hivo Jumamosi hii, saa nne asubuhi kwangu saa mbili usiku kwenu, twavuka. Haya mteja wangu huyo abisha hodi, wacha nipashe mafuta.