Jina la Bologna, injini ya Uchina: ninunue au niwache?

Hamjambo jamani, hamjambo nyote. Malindi, Watamu, Mambrui, Kilifi, na nyinyi mlioko Doha na Maskati mnaonitazama usiku wa manane, salamu zenu zimefika. Mnisamehe kwa kelele, niko kituo cha basi hapa Bologna, naenda zamu ya usiku kule Interporto, kwenye mabohari ya mizigo, na basi lenyewe leo limeamua kunitesa. Basi tupige gumzo.

Wiki jana niliweka picha moja tu, nimesimama kando ya pikipiki nyekundu, Moto Morini X-Cape, kama bwana harusi, na tangu siku hiyo simu haijatulia. Nusu yenu mnauliza: umenunua? Sijanunua. Nusu nyingine mnanionya: wewe, hiyo si ya Kiitaliano, hiyo ya Mchina, umeuziwa jina. Na kijana mmoja wa bodaboda, wa stegi pale Maweni, sitamtaja, akaandika: "Bro, kwa hizo pesa si unapata Boxer tano na za pilau zinabaki?" Nilicheka peke yangu ndani ya basi, watu wakanitazama.

Haya, tuanze na hilo jina, maanake lina mambo.

Moto Morini. Alfonso Morini alikuwa mtoto wa hapa hapa Bologna. Alifungua kiwanda chake mwaka 1937, na sikizeni hii: alianza na vyombo vya mizigo vya magurudumu matatu. Tuktuk za mizigo, jamani! Kiwanda kikapigwa mabomu mwaka 1943 wakati wa vita, akajenga upya, akageukia pikipiki. Na pikipiki zenyewe zilikuwa na hasira. Mwaka 1963 Tarquinio Provini, juu ya Morini ya silinda moja, alikosa ubingwa wa dunia wa daraja la cc 250 kwa pointi mbili tu. Aliyemshinda ni Jim Redman, na Honda yake ilikuwa na silinda nne. Hesabu mwenyewe. Giacomo Agostini naye, huyu aliyekuja kuchukua ubingwa wa dunia mara 15, mbio zake za mwanzo aliendesha Morini.

Mzee Alfonso akafariki mwaka 1969, binti yake Gabriella akashika kazi, na wakati wake ndipo ikatoka ile 350 ya silinda mbili zilizopanuka kama herufi V. Waitaliano wanaiita Tre e mezzo, yaani tatu na nusu. Shikeni hilo jina, nitalirudia.

Mwaka 1987 kampuni ikauzwa kwa Cagiva, Waitaliano wengine wa pikipiki, na haikuchukua muda jina likazimika. Mwaka 2005 likafufuka na pikipiki kubwa inaitwa Corsaro 1200. Likaanguka tena, kampuni ikafilisika. Mwaka 2011 wakaja wenye pesa wengine wakaliokota. Mwaka 2018 likachukuliwa na Zhongneng wa Uchina, na hao ndio wanaotengeneza hii X-Cape mliyoiona kwenye picha. Ofisi na wachoraji wako Trivolzio, karibu na Pavia. Kuunganishwa inaunganishwa Uchina, na injini yake ya cc 649 inatoka kwa CFMoto, Wachina vilevile. Kwa hivyo mliosema Mchina hamkukosea. Nilikuwa najua kabla sijapiga picha.

Lakini mbona Ducati hamuiulizi? Kiwanda chao kiko Borgo Panigale, nikipanda basi jingine hapa nafika, na tangu 2012 mwenye mali ni Audi, Mjerumani. Benelli ya Pesaro, iliyoanzishwa na mjane aliyewafungulia wanawe sita karakana mwaka 1911, ni ya Mchina tangu 2005, na Waitaliano wenyewe wanainunua kama mkate. Tairi za Pirelli? Mchina aliingia mwaka 2015. Na nyinyi wa Boxer, msicheke sana. Bajaj, hawa hawa wa Boxer yenu, walianza kununua hisa za KTM, kampuni ya pikipiki ya Austria, mwaka 2007. Siku hizi ukitaka kujua pikipiki ni ya nani utafungua mafaili mpaka uchoke.

Mimi hilo swali nimelitoa kichwani. Langu ni jingine, na nililipata Malindi nikiwa na miaka kumi na minne.

Pale upande wa Casuarina kulikuwa na mzee wa Kiitaliano, nilikuwa naenda Jumamosi kumfagilia ua. Kiitaliano changu cha kwanza nilikipata kwake, kabla hata ya kazi ya hoteli. Kwenye gereji yake, chini ya shuka jeupe, alikuwa na pikipiki aliyokuja nayo ndani ya kontena pamoja na vitanda na friji. Tre e mezzo. Tangi jekundu, maandishi ya dhahabu. Kazi yangu ilikuwa kuifuta chumvi, maanake upepo wa bahari mnaujua, hauachi chuma. Niliifuta miaka miwili. Miaka miwili, na sikuwahi kuisikia ikinguruma hata siku moja!

Kilichokufa ni kidude kimoja cha umeme wa kuchoma plagi. Hakizidi ukubwa wa kiberiti cha jikoni. Mafundi watatu walikuja. Mmoja alitaka kutia cha Yamaha, mzee nusura amfukuze na ufagio. Akaagiza Italia, kikaja si chenyewe. Akaagiza tena, hakikuja kabisa. Kiwanda kilikuwa kimefungwa, nani atakupelekea? Alipouza nyumba akarudi kwao, pikipiki ilitoka getini inasukumwa. Mimi ndiye niliyekuwa nyuma nasukuma.

Kwa hivyo nilipoingia hilo duka wiki jana, sikuuliza inakimbia ngapi. Nguvu farasi 60, mara tano ya Boxer ya 150, inatosha na inabaki. Breki Brembo, shokapu za mbele Marzocchi, tangi lita 18. Mambo hayo yako kwenye karatasi yao na ni mazuri, hayana ubishi. Mimi nilimwambia muuzaji: nipe bei ya mkono wa klachi, filta ya oili, na kile kioo cha upepo cha mbele, na uniambie leo nikiviagiza nitavipata lini.

Akanitazama. Akaniuliza, umeanguka? Nikamwambia bado, nataka kuanguka nikiwa na mpango.

Akaenda kwenye kompyuta. Filta ilikuwa rafuni, akaniletea mkononi. Mkono wa klachi, siku nne. Kioo, wiki mbili mpaka tatu. Nikamuuliza, na kitengo cha umeme, ile akili ya injini? Hapo akavuta pumzi, akasema hicho hakijawahi kuharibika kwa mteja wake yeyote. Nikamwambia si hilo nililouliza. Akapiga simu. Mwezi mmoja, labda zaidi.

Sasa hapa ndipo nataka mnielewe, hasa nyinyi mnaosema jina limeuzwa. Huyo Mchina mnayemkimbia ndiye anayefanya filta iwe rafuni. Pikipiki zikitoka nyingi, spea zinatoka nyingi. Ile Corsaro ya 2005 ilikuwa imechorwa hapa, injini imechorwa na Franco Lambertini, yule yule aliyechora injini ya Tre e mezzo. Ya Kiitaliano mpaka kwenye mifupa. Na kampuni yake ikafa. Ukiniuliza nichague kati ya injini yenye shajara ya ukoo na injini ambayo nusu ya dunia ina spea zake, mimi niliyesukuma ile ya Casuarina mpaka getini, unadhani nitajibu nini?

Lakini sijanunua, na sababu nitawaambia, maanake hapa kuna mtego na kuna vijana wetu wengi huku wanauingia.

Ile niliyopigwa nayo picha inaitwa ya kilomita sifuri. Maana yake duka liliiandikisha lenyewe kwa jina lake ili litimize hesabu ya mauzo, ikakaa pale haijaendeshwa, sasa wanaiuza kwa punguzo. Wakati huu hasa zimejaa, kwa sababu X-Cape mpya ya 700 imeshaingia na hizi 650 zinatakiwa ziondoke. Bei ya orodha ilikuwa inazungukia euro 7,000, mimi niliambiwa 6,200. Nikaona Mungu amenikumbuka. Nikaomba kuona kitabu chake. Iliandikishwa miezi kumi iliyopita! Na waranti ya kiwanda inahesabiwa tangu siku ya kuandikishwa, haingoji wewe uje na helmeti yako. Kwa hivyo ile "mpya" imeshakula miezi kumi ya waranti ikiwa imesimama chini ya taa. Na kwenye karatasi mimi ni mwenye pili, nikija kuiuza naonekana mwenye pili. Muuzaji hakuwa amenificha, lakini hakuwa amenitajia pia. Nadhani mnaijua hiyo tofauti.

Na hata ukinunua iliyo mpya kabisa, bei ya orodha siyo bei ya kutoka nayo. Kuna pesa za kuiandikisha na kuitoa dukani, mia kadhaa, zimeandikwa chini kwa herufi za sisimizi.

Halafu bima. Hii iliniuma kuliko yote. Huku madereva wamepangwa madaraja, la 1 ndilo la bei nafuu, mwisho ni 18, na mtu mpya anaanzia la 14. Sawa. Ila kuna sheria inaruhusu kijana akinunua chombo chake cha kwanza arithi daraja la baba au mama, mradi wameandikishwa nyumba moja. Mwenzangu wa kazini, mtoto wa hapa, miaka ishirini na miwili, hajui hata kukaza cheni, ameingia moja kwa moja daraja la 1 la baba yake. Mimi nimeendesha tangu Malindi, barabara ya mchanga, mvua, punda na matatu, naanzia la 14. Baba yangu mimi aliniachia nyavu mbili na taa ya karabai. Hakuna pa kuziandika kwenye fomu.

Leseni nilishamaliza, alhamdulillahi. Ya Kenya ilinisaidia mwaka mmoja tu tangu niandikishwe ukaazi, kisha nikarudi darasani na watoto wa miaka kumi na minane. Maswali 30, dakika 20, ukikosa manne umeanguka. Mara ya kwanza nilikosa matano. Tuendelee.

Mama anatazama hizi video, najua, kwa simu ya dada. Mama, shikamoo. Aliponipigia hakuuliza Mchina wala Mwitaliano. Aliuliza ni shilingi ngapi. Nikamwambia karibu milioni moja. Akanyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema: "Pikipiki ya milioni moja inakupeleka wapi ambako miguu haifiki?"

Nikamwambia kazini, mama. Kilomita kama 15, na nikitoka zamu alfajiri ya baridi, ukungu wa bonde hili hauoni hata taa ya mbele yako. Ni kweli, lakini nilipokata simu niliona aibu, maanake kwa kazi skuta ya mkono wa pili ingetosha. Euro 1,500, maneno yameisha. Mama hakudanganyika, na nyinyi sitawadanganya.

Ukweli ni kwamba kuna barabara inatoka hapa inapanda milima kwenda Florence, inapita Passo della Futa. Jumapili watu wa pikipiki wanajaa huko, wazee kwa vijana, wanakunywa kahawa, wanatazamana injini. Nimekaa mji huu miaka sita, na Jumapili zangu zote nimelala ili niamke Jumatatu. Nyumba ya mama imefika lenta, ada za wadogo zimelipwa mpaka mwisho wa mwaka, risiti ziko kwa dada. Na mimi nataka kupanda ule mlima nikiwa nimekaa juu ya tangi jekundu linalonguruma. Basi.

Nimemwachia muuzaji maneno mawili: aidha apunguze euro 600 nyingine, au anipe mwaka mmoja wa waranti juu, umeandikwa na kugongwa muhuri wa duka. La mdomo silitaki. Akasema atanijibu Jumatatu. Akikataa, kuna duka jingine Modena wana mbili nyeusi, na nyeusi pia haina ubaya, ingawa... aa, nyekundu ni nyekundu.

Wewe wa Maweni, kabla sijasahau: niulizie fundi wako. Cheni ya pikipiki inayolala nje kwenye ukungu kila siku, anaipaka nini? Huku kila mtu ananiuzia kopo lake.

Haya, basi hilo linakuja. Lile pale, namba yenyewe. Dada, mpe mama simu vizuri, usimkatie—