Kubadilisha beringi za kichwa cha rota: chunga upande wa beringi ya msukumo

Mambo vipi, watu wangu wa nyumbani, na nyie mliotapakaa Muscat, London na Minneapolis. Leo hapa Ujerumani hatuzunguki madukani wala hatupigi picha za theluji. Tuko mezani, na mbele yangu ni kichwa cha rota cha helikopta ya rimoti, saizi ya 450, ile yenye mapanga ya milimita 325. Kazi ni kutoa beringi zilizochoka kwenye vishikio vya mapanga na kuweka mpya.

Tuanze na hesabu, maana wengi wanaviona hivi vidude vidogo wanavidharau. Panga moja lina uzito wa gramu 35 hivi, na kitovu cha uzito wake kiko kama sentimita 20 kutoka shafti kuu. Rota ikizunguka mara 2,600 kwa dakika, panga hilo linavuta kwenda nje kwa nguvu ya kilo 53 hivi. Mfuko wa saruji umening'inia kila upande, na wakati huohuo servo, ile mota ndogo ya kuongozea, inatakiwa ikizungushe kishikio kulia na kushoto bila kukwama. Beringi za kawaida hazikuumbwa kubeba mzigo wa kuvutwa hivyo. Anayeubeba ni beringi moja tu ndani ya kila kishikio, beringi ya msukumo: pete mbili bapa na gololi zake katikati.

Utajuaje zimekufa? Kwanza chomoa betri, halafu banua linki, kile kijiti kinachokigeuza kishikio, ili kiwe huru. Kizungushe kwa vidole. Kikiwa kinakwaruza au kinashika kidogo halafu kinaachia, beringi za kawaida zimekwisha, mara nyingi ni baada ya kuanguka. Ila usiishie hapo. Ile ya msukumo haisemi kitu kama haina mzigo. Shika panga, livute kwenda nje kwa nguvu zako zote, na huku unavuta lizungushe. Ukisikia vishindo vidogovidogo chini ya vidole, gololi zimeshachimba vishimo kwenye pete. Hewani utaona helikopta inatikisika bila sababu na servo zinapata moto. Watu hapo wanahangaika na mipangilio ya jairo, kile kifaa cha kuituliza helikopta, wiki nzima!

Kufungua. Ingiza spana mbili za aleni, moja kila mwisho wa spindo, ile shafti ndogo inayopita mlalo ndani ya kichwa. Skrubu moja itaachia, nyingine itabaki inazunguka na spindo. Usiikamate spindo kwa koleo, utaikwaruza na beringi mpya hazitapita. Gusisha ncha ya chuma cha kulehemu kwenye kichwa cha skrubu iliyobaki nusu dakika hivi, gundi ya bluu inayoshikilia nyuzi italainika. Kisha bana spindo kwa vipande viwili vya mbao kwenye jiliwa, ufungue.

Spindo ikishatoka, ibingirishe juu ya kioo cha dirisha. Ikidunda, imepinda, tupa. Usijaribu kuinyoosha. Skrubu zake pia tupa, kwa sababu zimeshavutika na ndizo zinazozuia ule mfuko wa saruji usiruke.

Beringi zenyewe sasa. Usizichokonoe na bisibisi. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo pasha kishikio kwa bomba la hewa ya moto hadi kiwe hakishikiki kwa mkono mtupu, kisha kigonge juu ya ubao, mdomo ukiangalia chini. Beringi zinadondoka zenyewe. Kama kishikio chako ni cha plastiki, moto achana nao. Tafuta kijiti kinachopita kwenye tundu, usukume kutoka nyuma taratibu.

Kipimo. Chukua kalipa, pima tundu, kipenyo cha nje na unene. Beringi yenye namba MR84ZZ ni milimita 4 kwa 8 kwa 3. MR74ZZ ni 4 kwa 7 kwa 2.5. MR63ZZ ni 3 kwa 6 kwa 2.5. ZZ maana yake ina vifuniko vya bati pande zote mbili, 2RS ni vya raba. Mlioko Mombasa, Tanga na Unguja, ulizeni yenye S mbele, SMR84, hiyo ni chuma kisichoshika kutu. Chumvi ya hewa ya pwani inakula hizi nyingine hata helikopta ikiwa kabatini. Na mjihadhari na herufi F. MF63 ni beringi ya kawaida yenye ukingo. F3-8M ni ya msukumo. Muuzaji wa beringi za magari, awe Kirinyaga Road, Nairobi, au Gerezani, Dar es Salaam, si lazima ajue tofauti hiyo, kwa hiyo mpelekee ya zamani mkononi.

Unene usiupuuze. Ukiweka ya 2.5 mahali pa 3, kishikio kitacheza mbele na nyuma. Ukizidisha, kitabana ukikaza skrubu, nawe utadhani umekaza mno.

Kurudisha: safisha kishikio kwa spiriti, weka beringi ikae sawa kwenye tundu bila kuinama, na uisukume kwa kitu kinachogusa pete ya nje peke yake. Soketi ndogo ya spana inafaa sana. Ukisukuma pete ya ndani, nguvu yote inapita kwenye gololi na umeiua beringi kabla haijaruka.

Haya, sogeeni karibu na kamera. Pete mbili za msukumo zinafanana, ila tundu la moja ni kubwa kidogo, tofauti ya 0.2 hivi ya milimita. Kwa macho huioni. Zivike kwenye spindo: moja inashika, nyingine inalegea na kucheza. Inayolegea inakaa upande wa ndani, kuelekea kichwani, kwa sababu hiyo ndiyo inayosukumwa na kishikio na inazunguka nacho. Kisha gololi zenye grisi ya kutosha. Kisha inayoshika, upande wa nje, halafu washa (kile kipete bapa cha chuma), halafu skrubu. Kuna vichwa ambavyo beringi ya msukumo iko katikati ya zile za kawaida, lakini kanuni hii haibadiliki. Ukigeuza, pete inayotakiwa kutulia inasuguana na kishikio, na ile ya tundu kubwa inayumba juu ya spindo. Mezani kila kitu kitateleza vizuri. Hewani ndiyo utajua.

Usisahau washa ndogo kati ya raba ya dampa, ile inayofyonza mtikisiko kichwani, na beringi ya kwanza. Kazi yake ni kugusa pete ya ndani tu.

Gundi ya bluu, kama Loctite 243: nyuzi zote zifutwe kwa spiriti kwanza, maana juu ya grisi haishiki vizuri. Weka tone dogo, futa linalozidi. Likiingia kwenye beringi, hakuna cha kuokoa, unanunua nyingine. Kaza kwa spana mbili kwa pamoja, iache usiku mzima.

Asubuhi rudia jaribio la kuvuta na kuzungusha kabla ya kurudisha linki. Ukiwasha mara ya kwanza, iwe uwanjani, kasi ndogo, na asisimame mtu yeyote usawa wa mapanga, ukiwemo wewe. Hapa Ujerumani bima ni lazima kwa kurusha modeli, na bima hairudishi jicho.

Chora mstari wa rangi ya kucha kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye washa. Baada ya betri mbili tatu, angalia. Mstari ukipishana, skrubu imelegea: toa, weka mpya, gundi upya.