Njoo Jumatano

(Mhadhara uliotolewa kwa mafundi na wafanyabiashara wadogo, Sinza, Dar es Salaam.)

Shikamooni wazee wangu. Wenzangu, habari za mchana. Mliosimama mlangoni ingieni, viti vipo huku mbele, mimi siumi.

Mimi ni fundi cherehani. (Kicheko.) Mnacheka hata sijaanza! Najua, kila mmoja humu ana gauni lililolala kwa fundi mpaka sherehe ikapita. Nami niliwahi kumwambia mama mmoja "njoo Jumatano" kwa Jumatano tatu mfululizo, kitambaa chake hakijaonja mkasi. Wallahi sikukusudia kumdanganya. Ila ahadi zangu zilikuwa zimetawanyika: vipimo nyuma ya risiti, tarehe kichwani, advansi kwenye meseji za simu, siku ya kikoba anaikumbuka shoga yangu, ada ya mtoto anaikumbuka mume wangu, ambaye ni msahaulifu kunishinda.

Basi nikaenda Kariakoo nikanunua dayari. Jalada jeusi, kila siku na ukurasa wake, saa zimechapishwa pembeni. Ilinishinda hata Machi haijaisha, na hapa nataka tukae kidogo, maana wengi mmeshindwa na dayari mkadhani ni uvivu wenu. Zile saa si zetu. Sisi tunahesabu tangu jua kuchomoza, dayari inahesabu tangu usiku wa manane. Kati yetu pana saa sita. Bi harusi kaniambia atakuja saa tatu asubuhi kujaribu gauni, nami kwa haraka nikamwandika kwenye mstari wa 3.00, ambao ni saa tisa alasiri. Kafika ofisini kwangu na mashangazi wawili, mimi nipo Kariakoo nachagua zipu.

Halafu wiki yenyewe. Dayari inaanza na Jumatatu, siku ambayo jina lake linasema ni ya tatu. Mosi ni Jumamosi. Na hiyo Jumamosi imebanwa na Jumapili kwenye ukurasa mmoja, wakati kwa fundi ndizo siku watu wanapanga foleni kuchukua nguo! Ukiumwa siku nne, kurasa nne nyeupe zinakusuta. Unaifunga, hurudi tena.

Dawa nilikuja kuiona dukani kwa Mangi. Lile daftari lake la madeni halina tarehe iliyochapishwa. Deni linaandikwa siku lilipokuja, likilipwa anakata mstari, ukurasa ukijaa anawahamishia wasiolipa ukurasa mpya, kwa mkono, mmoja mmoja. Siku moja kaniangalia juu ya miwani: "Mama, wewe nimechoka kukuhamisha." Mchele kilo mbili na sabuni. Nililipa palepale.

Baadaye binti yangu akanionyesha kwamba kuna Mmarekani, Ryder Carroll, aliyeutangaza mtindo wa namna hiyo mwaka 2013 kwa jina la Bullet Journal. Nukta ni kazi, duara ni tukio, kistari ni la kukumbuka tu. Kazi ikiisha, nukta unaigeuza msalaba, ikihamishwa, mshale. Wapo wanaochora maua na kubandika stika. Sina ugomvi nao, lakini mteja halipii maua.

Langu ni kaunta buku la kwaya mbili, kurasa 192, namba nimeziandika mwenyewe. Kurasa za mwanzo ni yaliyomo. Kila mwezi una ukurasa wenye tarehe zikishuka pembeni, humo zinaingia nguo za Idi, ada, zamu yangu ya kikoba. Kisha siku zinafuatana. Yenye mambo mengi inachukua nafasi yake, ya mvua inachukua mistari miwili. Kwenye vipimo vya mteja nachomeka kipande cha kitambaa chake kwa pini. Simu haiijui rangi ya kitenge kama pini inavyoijua.

Kubwa ni kule kuhamisha. Kazi nikiinakili mara ya tatu, mkono unauma na uso unaona haya. Hapo naamua: naishona usiku huohuo, nampa fundi mwenzangu, au narudisha hela. Yule mama wa Jumatano nilimpigia, nikamrudishia kitambaa na advansi yake. Alinuna, na hajarudi.

Karatasi nayo ina kasoro. Masika moja bati lilivuja juu ya meza. Ya peni ya kawaida yalisomeka, ya wino wa maji yakawa bluu tupu. Siku hizi nikifunga ukurasa naupiga picha.

Naona mkono. Inachukua muda gani? Dakika kumi, usiku, nikishafunga mahesabu. Umeme ukikatika, tochi.

Daftari lenyewe hili, lipitisheni. Ila ukurasa wa 41 msiufungue, kuna kiuno cha mtu aliyekaa humu ndani.