Kidude kililia, nikaambiwa nipite
Mhadhara kuhusu ugaidi kwa wajumbe wa mitaa, Magomeni, Dar es Salaam

Shikamooni wazee wangu. Na nyinyi wengine, habari za mchana.

Nianze na jambo lililotokea hapo mlangoni. Kijana wa ulinzi amenipitishia kile kidude chake, kikalia. Ni funguo tu na kopo la miwani. Lakini hakuniuliza. Alinitazama usoni akasema, "Pita tu, mwalimu." Nyuma yangu akaja kijana mwenye ndevu na kanzu fupi. Kidude kikakaa kimya kabisa, ila yeye begi lake lilifunguliwa hadi kamfuko ka chaja. (Kicheko.) Mnacheka, na mimi nilicheka. Nilipoketi hapa mbele ndipo nikaona kwamba mhadhara wangu ulikwishatolewa pale mlangoni, nami nimebaki kuufafanua.

Ijumaa ya Agosti 7, 1998 nilikuwa darasani Kinondoni. Kesho yake ilikuwa Nanenane, kwa hiyo watoto akili zao zilikwishatoka shuleni. Saa 4 na nusu ilikuwa imepita tukasikia kishindo, vioo vikatetemeka. Mtoto mmoja akasema, "Transfoma hiyo, mwalimu." Tukakubaliana naye sote, nikaendelea na ubao. Ndivyo tulivyokuwa. Kishindo kikubwa katika mji huu kilikuwa transfoma, au tairi la lori.

Kumbe lilikuwa bomu, Ubalozi wa Marekani, ambao wakati ule ulikuwa Barabara ya Laibon, Oysterbay. Nairobi nako kulilipuka karibu saa ileile. Kule walikufa watu 213. Hapa kwetu walikufa 11, wakajeruhiwa 85. Kwa nini tofauti ikawa kubwa hivyo? Sababu zipo kadhaa, lakini moja wapo ni lori la maji. Lilikuwa limesimama getini. Lile lori la mabomu, Nissan ya friji iliyojazwa mitungi ya gesi na baruti, likashindwa kupenya, likalipukia nje ya ukuta.

Sasa nisikilizeni vizuri. Waliosema wanapigana na Marekani hawakuua hapa hata Mmarekani mmoja. Waliokufa walikuwa watu wa mshahara mdogo, wakiwamo walinzi wa geti na mtu aliyekuja na maji. Kila Agosti tunakumbuka ubalozi. Mimi humkumbuka mtu wa maji.

Ugaidi ndivyo unavyofanya kazi. Anayepigwa ni mmoja, anayeambiwa ni sisi sote. Jambazi akipora duka la Kariakoo anataka fedha na anaomba asionekane. Gaidi yeye anataka aonekane, na anachokisubiri ni kile tutakachofanya sisi kesho yake asubuhi. Kwa hiyo kuuliza bomu liliua wangapi ni nusu ya swali. Nusu ya pili ni majirani wangapi waliacha kusalimiana.

Bomu lile lilitayarishwa Ilala, katika nyumba ya kupanga. Na miongoni mwa waliohukumiwa kifungo cha maisha huko New York, wawili ni Watanzania wa Zanzibar: Khalfan Khamis Mohamed mwaka 2001 na Ahmed Khalfan Ghailani mwaka 2011. Wapangaji wa kawaida, walikuwa wakiamkia watu kama nyinyi mlivyoniamkia mimi. Mjumbe anayemtafuta gaidi kwa sura angewapita hao akaenda kumsumbua muuza kahawa.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kushtuka sikukatazi. Mimi mwenyewe baada ya shambulio la Westgate, lile jengo la maduka la Nairobi, Septemba 2013, watu 67 wamekufa, nilikaa miezi sikanyagi duka kubwa lolote, nikisingizia bei. Tatizo ni pale tunapoanza kuchoma kila ung'ongo tunaouona.

Wenzetu Kenya walilipitia hilo. Aprili 2014 polisi walizoa maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, mtaani Eastleigh, wakawapeleka uwanja wa Kasarani kukaguliwa vitambulisho. Je, mashambulizi yalikoma? Aprili ya mwaka uliofuata, Chuo Kikuu cha Garissa, walikufa watu 148. Desemba ya mwaka huohuo, 2015, likatokea la basi karibu na Mandera. Wenye bunduki waliamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu wakakataa. Wanawake walikuwa wamekwishawapa wenzao Wakristo hijabu wajifunike. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi pale, akafariki mwezi uliofuata. Mwalimu mwenzangu huyo, na kila nikimtaja sauti inanigeuka, mtanisamehe.

Turudi nyumbani, tena karibu. Kibiti, mkoa wa Pwani. Najua humu ndani wamo wenye ndugu Kibiti, Rufiji na Mkuranga. Wenyeviti wa vijiji waliuawa majumbani mwao, watu wa aina yenu hasa. Aprili 2017 askari polisi 8 waliuawa kwa mara moja. Bodaboda zikapigwa marufuku usiku, na mama mwenye uchungu wa saa 8 usiku ajue mwenyewe atafikaje zahanati. Dola ilikuwa na haki ya kujibu, askari wake walikuwa wameuawa. Lakini wapo watu waliotoweka. Azory Gwanda, mwandishi wa habari aliyekuwa akiandika habari za mauaji yale, alitoweka Novemba 21, 2017, hajaonekana hadi leo. Tangu hapo nenda kijijini ukaulize "nani mgeni hapa?" Utaangaliwa tu. Mtu anayeogopa pande mbili hasemi na upande wowote, na habari za mtaani zikikauka, polisi wanabaki na bunduki bila macho.

Ya WhatsApp sitaki kuyachelewesha. Sauti ile ya "nimetumiwa na mtu wa usalama, msiende Kariakoo leo" huwa haina jina la mtu wala tarehe. Ifuteni.

Kazi yenu nyinyi wajumbe ni kujua watu, na kujua watu kunaanza kabla ya hofu. Mpangaji mpya akija, nenda kamsalimie, mwulize atokako na shughuli yake, mwandike katika daftari. Awe wa kanzu au wa tai. Nyumba nzima imelipiwa kodi ya miezi sita, hakuna mtu anayelala humo, na magari yanashusha mizigo usiku wa manane? Hilo ni jambo la kuuliza. Inawezekana ni mtu wa mitumba anayewakwepa watu wa kodi. (Kicheko.) Uliza tu. Lakini ndevu si jambo la kuuliza.

Nimekula muda. Yule kijana wa kanzu, nimeambiwa ndiye fundi aliyeleta hizi spika. Asante, mwanangu, sauti imetoka vizuri. Sasa maswali. Mzee pale nyuma, mkono wako umeinuka tangu nilipotaja Kibiti. Karibu, mpeni kipaza sauti.