Barua ya shangazi

RUKIA: Asalaam aleikum, karibuni tena kipindini. Shee kaja na makaratasi leo. Yaweke kando kwanza, mimi nina langu.

SHEE: Bi Rukia, nimeandaa mambo matatu...

RUKIA: Yatangoja. Jumamosi kaja mtoto wa kaka yangu, yule aliyekuwa jeshi la Marekani. Kala, kanywa chai, ndipo akasema: "Shangazi, niandikie barua." Anataka dischaji yake, lile daraja aliloandikiwa alipotoka jeshini, ipandishwe.

SHEE: Alitoka na ipi?

RUKIA: Jenerali.

SHEE: Hiyo iko chini ya ile ya heshima kamili, lakini si zile mbaya. Hospitali ya maveterani hafungiwi mlango. Ila pesa ya chuo, GI Bill ya baada ya Septemba 11, inataka heshima kamili. Sababu kwenye DD 214, ile karatasi ya kutoka jeshini, ni ipi?

RUKIA: Walimpima mkojo, wakaona bangi. Mie nilisikia baada ya miezi 6 inapanda yenyewe.

SHEE: Kambi zote wanaambizana hivyo, na si kweli. Usipoomba haipandi. Unajaza fomu DD 293, inakwenda kwa bodi ya mapitio ya jeshi lako, ndani ya miaka 15 tangu utoke.

RUKIA: Katoka 2013, basi ana hadi 2028. Barua nishaandika. "Waheshimiwa wa bodi, kijana huyu tangu utotoni ni hodari wa pilau..."

SHEE: Pilau!

RUKIA: Ngoja. "Harusi ya dada yake alipika masufuria mawili usiku kucha, wala hakuunguza."

SHEE: Sasa bodi Marekani itapima vipi pilau?

RUKIA: Itapima subira! Mvuta bangi atakesha anachambua mchele?

SHEE: Hao ndio hasa wanaotaka pilau usiku wa manane.

RUKIA: Mshenzi wewe! Nimeweka na mapishi nyuma ya barua.

SHEE: Wallahi? Na kachumbari?

RUKIA: Kachumbari kila mtu anajua.

SHEE: Haya, tusicheke tu. Pilau lina nafasi yake. Waraka wa 2018 wa Robert Wilkie, aliyekuwa afisa wa wizara ya ulinzi, unaziambia bodi zitazame mtu aliishi vipi baadaye, kazi yake, barua za wanaomjua, na kama kosa lilikuwa la ujana. Lakini pia kama anakubali kosa. Barua yako haikugusa bangi kabisa.

RUKIA: Wala haitagusa. Nimwanike mtoto wetu serikalini kwa mkono wangu?

SHEE: Faili lake wanalo mezani! Watasema shangazi huyu hajui lolote.

RUKIA: Kukiri ni kwake, kamaliza kwenye maelezo yake. Kusifu ni kwangu.

SHEE: Anayejua kosa na bado akakusifu ndiye anayeaminika. Alikwenda Afghanistan kabla ya kupimwa?

RUKIA: Alikwenda. Akarudi usingizi haumjii. Nilimkuta sebuleni na viatu mguuni, saa tisa usiku.

SHEE: Basi andika hilo! Tangu waraka wa 2014 wa Chuck Hagel, waziri wa ulinzi wakati huo, na ule wa 2017, bodi zinatakiwa zimtazame kwa upole mtu ambaye kiwewe cha vita kilichangia kosa lake. Na ushahidi si lazima utoke kwenye faili la jeshi. Maneno ya jamaa yanapokelewa.

RUKIA: Kwanza bangi, sasa niandike na wazimu? Kesho anaposa, wakwe wasome?

SHEE: Wakwe hawapewi faili!

RUKIA: Hujui wakwe wa Mombasa.

SHEE: Mimi ningeandika.

RUKIA: Mimi siandiki. Mtoto husitiriwa.

SHEE: Pesa ya chuo itapotea kwa sitara yako.

RUKIA: Ipotee.

SHEE: Siwezi kukubali hilo.

RUKIA: Usikubali. Fundi mitambo anatuonyesha dakika moja.

SHEE: Na mambo yangu matatu? Basi walau moja: omba kwanza faili lako lote la jeshi kabla ya kujaza fomu. Na miaka 15 ikishapita iko DD 149, bodi nyingine, ile ya kusahihisha kumbukumbu, ambayo...

RUKIA: Wiki ijayo kodi, jamani. Kwaherini.

SHEE: ...ambayo nayo ina muda wake, ila wanaweza...